Ndege Hakuwasha Moto, Nguzo Ndiyo Iliyouwasha

Na Rehema Dzombo

Jumamosi ya tarehe 12 Aprili 2014, moto ulizuka juu ya vilima vya Valparaíso, mji wa bandari nchini Chile, karibu na barabara iitwayo Camino La Pólvora. Upepo ulikuwa mkali, mikaratusi na misonobari imekauka, na mabonde yaliyo kati ya vilima yamejaa takataka. Hadi unazimwa, watu 15 walikuwa wamekufa, nyumba zipatazo 2,900 zimeteketea na zaidi ya watu 12,000 hawana pa kulala. Chanzo kilipotafutwa, waliotajwa ni tumbusi: walirushwa na stima kwenye nyaya za juu, wakaangukia nyasi wakiwa wanawaka.

Habari hiyo ilienea duniani kama kioja. Kwangu mimi si kioja hata kidogo. Ni hati ya mashtaka, na mshtakiwa si tumbusi.

Kila siku tunawaona kunguru na njiwa wamejipanga kwenye waya na hakuna linalowapata. Wamegusa waya mmoja tu, kwa hiyo umeme haupati njia ya kupita mwilini mwao kwenda kwingine. Hatari huanza pale mwili unapounganisha vitu viwili: fezi moja na nyingine, au waya na chuma kinachoshuka hadi ardhini. Njiwa ni mdogo, hafiki. Tai anafika, hasa anapokunjua mabawa ili aruke. Naye hatui katikati ya waya, hutua kichwani mwa nguzo, kwa sababu katika nyika isiyo na miti mirefu pale ndipo pa kukaa akaona mbali. Na pale juu ndipo nyaya zinapokaribiana, kwenye transfoma, kwenye swichi, kwenye vipande vifupi vya waya vilivyoachwa uchi. Ikipiga shoti, manyoya yanashika moto na mzoga unadondoka chini ya nguzo. Ukiangukia mchanga, hasara ni ndege mmoja na stima kukatika kwa muda. Ukiangukia nyasi za kiangazi huku upepo unavuma, hakuna anayeweza kusema hasara itaishia wapi.

Nchini Marekani, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2022 walihesabu angalau mioto 44 ya nyika iliyoanza kwa njia hii kati ya 2014 na 2018. Atakayesema ni michache akumbuke kwamba Valparaíso ilitosha mmoja.

Sisi Kenya tumeshapata maonyo yetu, ila tumeyapokea kama vichekesho. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tulicheka, tukashangaa kwamba tumbili mwenyewe alipona, yakaisha. Februari 2021 hatukuweza kucheka: twiga watatu walikufa katika hifadhi ya Soysambu, Nakuru, kwa kugusa nyaya, na Shirika la Wanyamapori lenyewe likasema nguzo zilikuwa fupi kuliko kimo cha twiga. Huku kwetu Diani, mbega wamekuwa wakiuawa na stima miaka nenda miaka rudi. Lakini Diani pia ndiko tulikojifunza kwamba jambo hili lina dawa. Shirika la Colobus Conservation, kwa kushirikiana na Kenya Power, limekuwa likikata matawi yanayogusa nyaya na kuzivika nyaya zilizo uchi mahali mbega wanapopita. Ni kazi ya ngazi, msumeno na vifuniko vya plastiki. Haihitaji miujiza.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni nguzo za zege. Zinasifiwa kwa kuwa haziliwi na mchwa, haziozi wala haziungui, na sifa hizo ni za kweli. Lakini ndani ya zege mna vyuma, na vyuma hivyo vinaweza kuupeleka umeme ardhini. Ndege aliyesimama juu ya nguzo ya mti mkavu mara nyingi lazima aguse nyaya mbili ndipo afe. Aliyesimama juu ya zege, au juu ya chuma kilichokingama kichwani mwa nguzo, inatosha aguse mmoja. Kwa hiyo hata ndege asiye mkubwa sana anaingia hatarini. Tukibadilisha mti kwa zege bila kuvika nyaya za juu, tutakuwa tumeondoa tatizo la mchwa na kupanda tatizo la moto.

Najua jibu litakalotolewa: fedha. Kuna vijiji ambavyo bado vinasubiri stima, na sitaki hata kimoja kichelewe. Lakini kuvika waya wakati nguzo inasimamishwa ni rahisi kuliko kurudi baadaye na gari, mafundi na kuzima mtaa mzima. Wala si lazima nguzo zote zianze siku moja. Uchunguzi katika nchi nyingi umeonyesha kwamba nguzo chache ndizo zinazoua wanyama wengi. Tuanze na za transfoma, zilizo kando ya maziwa na mbuga, na zilizozungukwa na nyasi ndefu. Mainjinia wa Marekani wamezoea kipimo cha sentimita 150 kati ya waya na waya ili tai apite salama, na California inalazimisha ardhi iachwe tupu kuzunguka aina fulani za nguzo. Hispania iliweka kanuni za kulinda ndege dhidi ya nyaya za umeme kwa amri ya serikali tangu mwaka 2008.

Kwetu hili linaweza kufanywa na mamlaka ya nishati, EPRA. Iagize kwamba hakuna laini mpya itakayopita nyikani au karibu na hifadhi bila nyaya za juu ya nguzo kuvikwa, na kwamba kila mnyama aliyekufa kwa stima aandikwe pamoja na namba ya nguzo, ili ijulikane ni nguzo zipi zinaua.

Nawe msomaji, ukikuta mzoga wa tai, mbega au tumbili chini ya nguzo, usiuguse. Soma namba ya nguzo, uipigie simu kampuni ya umeme, na uwasisitizie kwamba nguzo hiyo irekebishwe kabla ya kiangazi.