Kabla ya Kufungua Injini Tena, Pimeni Ekzosi

Pikapu ya petroli imelala gereji wiki tatu. Gasketi ya silinda hedi imebadilishwa, ringi mpya zimeingia, mwenye gari amelipa. Asubuhi inawaka vizuri. Ikifika mlima Kitonga, bodi tupu, inapanda kama imebeba saruji. Mwenye gari anapiga simu, na fundi anamjibu: "Irudishe bosi, niifungue tena."

Asiifungue. Apime ekzosi kwanza.

Injini iliyokula oili au kunywa maji ya rejeta kwa miezi haikuugua peke yake. Kila ilichoshindwa kukichoma kilitokea kwenye ekzosi, na njiani kuna masega: kauri yenye vijitundu kama sega la nyuki, iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu ili kupunguza sumu ya moshi. Fosforasi na zinki za kwenye oili huganda juu ya madini hayo. Maji ya rejeta nayo huacha ukoko wake. Kibaya zaidi ni injini inayomisi, kwa sababu petroli mbichi huenda kuungulia ndani ya masega, joto likapanda mpaka kauri ikayeyuka na vijitundu vikaziba.

Ukimaliza kutengeneza injini, uchafu ule haujaondoka. Chai mpya ukiimimina kwenye chujio lililojaa majani ya jana haitapita, na hakuna mwenye akili atakayelaumu birika.

Kipimo chenyewe ni kazi ya dakika chache. Fungua sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega, funga geji ya presha kwenye tundu lake, washa injini. Bila kukanyaga mafuta, geji isizidi psi 1.5. Panda mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika. Hapo isizidi psi 3. Ikizidi, moshi hauna pa kupita, na hata ukiifungua injini mara kumi haitapata nguvu.

Mwenye geji ya vakyumu naye anaweza kupima. Dar es Salaam, injini nzima ikiwa imetulia husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Iringa itasoma pungufu kwa inchi 5 hivi kwa sababu ya mwinuko, na huo si ugonjwa. Ishike kwenye mizunguko 2,500 bila kuachia. Mshale ukianza kushuka polepole badala ya kutulia, ekzosi imeziba. Asiye na geji hata moja asubiri gari lipoe, kisha agonge masega kwa nyundo ya mpira. Yakicheza kama njuga, kauri imevunjika.

Wapo pia wenye haraka ya upande wa pili. Taa ya injini imewaka, mashine imesoma P0420, basi masega mapya yanaagizwa jioni hiyohiyo. Msomaji, namba hiyo inakwambia tu kwamba masega yanaonekana kutofanya kazi ipasavyo. Nani aliyeyaharibu, haikwambii, na mara nyingine yanasingiziwa tu. Gasketi ya manifoldi ya ekzosi ikifungwa vibaya baada ya hedi kurudishwa, hewa ya nje huingia na sensa husoma uongo. Gundi ya silikoni isiyofaa kwa injini zenye sensa hutoa mvuke unaoziharibu sensa hizo. Kama P0420 imekuja pamoja na P0301, silinda ya kwanza inamisi: anza na plagi, koili na nozeli. Masega mapya kwenye injini inayomisi yatakufa kama yale ya zamani, na bei yake si ya kurudia.

Halafu kuna njia ya mkato inayojulikana na kila mtu: masega yanang'olewa, bomba tupu linachomelewa, na yaliyotolewa yanauzwa kwa wanunuzi wa madini. Gari linavuta, ni kweli. Lakini sumu iliyokuwa ikizuiliwa sasa inatoka yote, na anayeivuta ni mama muuza vitumbua kituoni na mtoto anayesubiri daladala. Zamani tulikuwa na kisingizio cha mafuta, maana risasi iliyokuwamo kwenye petroli iliyaua masega haraka. Kisingizio hicho kiliisha. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana jijini Dakar kuachana na petroli hiyo, na kufikia mwanzo wa 2006 zilikuwa zimeiacha. Mafuta yalisafishwa ili mapafu ya watu na akili za watoto zipone. Hatuwezi kuyabeza mafanikio hayo kwa msumeno na mashine ya kuchomelea.

Kwa hiyo tunaomba jambo dogo sana. Injini yoyote iliyokuwa ikila oili, ikichanganya maji au ikimisi, fundi aandike "kupima ekzosi" kwenye makadirio ya kazi siku ya kwanza, mstari mmoja chini ya ringi na gasketi. Apime kabla, apime tena baada ya kufunga, na namba zote mbili ampe mwenye gari. Masega yakionekana yameziba, bei ijulikane mapema badala ya kuibukia mlimani.

Nawe mwenye gari, usihesabu fedha kwa sababu tu injini imewaka. Injini kuwaka uwani hakukuhakikishii kwamba itapanda Kitonga. Muulize fundi wako swali moja kabla hujatoa senti: geji ya ekzosi imesoma ngapi? Kama hana jibu, kazi bado haijaisha.