Msikiti Mkuu wa Kilwa Si Gofu



Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wa dini na wema, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii. Msikiti Mkuu wa Kisiwani ulikuwa ukisaliwa. Mwaka 1505 Wareno wakauteka mji. Mwaka 1981 UNESCO ikauingiza msikiti huo, pamoja na mabaki mengine ya Kilwa, katika Urithi wa Dunia. Leo mtalii huingia na viatu hadi mbele ya mihrabu, akapiga picha, akatoka.

Mtalii simlaumu, hajui. Nawauliza Waislamu: nani aliyewafundisha kuuita gofu? Katika madhehebu hayo hayo ya Shafii, msikiti uliobomoka hautoki katika wakfu wala hauuzwi. Ardhi yake ni msikiti, paa liwepo lisiwepo. Basi madrasa zinazopeleka watoto ziara huko ziwavue viatu kwanza, wasali rakaa mbili za tahiyyatul-masjid, ndipo wasimuliwe habari za masultani. (Nimewaona walimu, tena wenye vilemba, wakifanya kinyume.) Na wanaowatembeza wageni ni vijana wetu wenyewe, waanze kuambiwa wao.