Mwanamfalme Mweusi Hakuwa Kioo cha Uungwana

Edward wa Woodstock (1330–1376), aitwaye Mwanamfalme Mweusi, mwana wa kwanza wa Mfalme Edward III wa Uingereza, husifiwa kuwa kioo cha uungwana: jasiri vitani, mwenye huruma kwa walioshindwa. Ujasiri alikuwa nao. Huruma ni hadithi.

Sifa huanzia vita vya Crécy dhidi ya Wafaransa, mwaka 1346. Edward alikuwa na miaka 16. Amiri wa jeshi alikuwa baba yake, na walioamua vita ni wapiga mishale wa pinde ndefu.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ya vita vya Poitiers, 1356: eti alimhudumia mezani mateka wake, Mfalme Jean II wa Ufaransa. Hiyo ilikuwa heshima ya watawala kwa watawala, tena kwa mateka ambaye fidia yake ilikuja kupangwa kuwa sarafu milioni 3 za dhahabu. Mkulima hakuandaliwa meza. Mwaka mmoja kabla, jeshi la Edward lilitoka Bordeaux hadi Narbonne likichoma vijiji na ghala za nafaka. Mji wa chini wa Carcassonne ukateketea. Uungwana gani huo?

Utawala wake wa Aquitaine nao haumwokoi. Mwaka 1367 alishinda vita vya Nájera ili kumrudishia Pedro, mfalme aliyeondolewa, kiti cha Castilla. Pedro hakulipa, mzigo ukaangukia kaya za Aquitaine kwa kodi ya kila jiko. Mabwana wa huko wakamkimbilia Charles V, mfalme wa Ufaransa, na vita na Ufaransa vikarudi mwaka 1369. Mwaka uliofuata, mgonjwa akibebwa kwa machela, Edward aliuteka mji wa Limoges, uliokuwa umejisalimisha kwa Wafaransa, na raia wakauawa.

Jemadari hodari alikuwa. Muungwana, waulizwe wa Limoges.