Waliotoweka Kliniki Nao Wahesabiwe



Kidonda hiki kitapona lini? Kila mwenye kisukari mwenye kidonda cha mguu huuliza hivyo, na toleo hili linahusu namna ya kumjibu kwa haki.

Tuchukue mfano wa wagonjwa 10 wanaofuatiliwa kwa wiki 12. Wanne wanapona: katika wiki ya 4, ya 6, ya 8 na ya 10. Watatu wanaacha kuja kliniki baada ya wiki ya 5. Mmoja anakatwa mguu wiki ya 9. Wawili wanafika mwisho vidonda bado vibichi. Ukiwahesabu waliopona peke yao, wastani ni wiki 7, na ripoti itapendeza. Lakini hadi wiki hiyo ya 7 ni wawili tu waliothibitika kupona.

Mwaka 1958 Edward Kaplan na Paul Meier walionesha jinsi ya kumhesabu hata mgonjwa ambaye mwisho wake haujulikani. Anabaki katika hesabu ya wanaosubiri kupona hadi siku alipoonekana mara ya mwisho, kisha anatolewa bila kudhaniwa amepona wala hajapona. Kwa njia hiyo, katika mfano wetu robo tu ndio wanaokadiriwa kupona kufikia wiki ya 7. Nusu haifikiwi mpaka wiki ya 10. Mwaka 1972 David Cox akatupa modeli ya kupima jinsi umri, kiwango cha sukari au damu isiyofika vizuri miguuni inavyochelewesha kupona.

Hesabu hizi zina sharti: walioondoka wawe hawatofautiani na waliobaki katika uwezekano wa kupona. Hapo ndipo penye shida. Aliyeishiwa nauli, au aliyehamia kwa mganga kwa kukata tamaa, huenda hali yake ni mbaya kuliko ya waliobaki. Naye aliyekatwa mguu hana tena kidonda cha kusubiri. Huo ni mwisho wa aina nyingine, na lazima uhesabiwe kando.

Kwa hiyo jarida hili halitapokea tena wastani wa waliopona peke yao. Kila makala ieleze kupona ni nini, wangapi walitoweka, wangapi walikatwa mguu, wangapi walifariki. Nazo kliniki tunaziomba mambo matatu kwenye rejista: tarehe matibabu yalipoanza, tarehe mgonjwa alipoonekana mara ya mwisho, na sababu ya kuondoka. Simu moja kwa asiyeonekana ina thamani kuliko modeli yoyote itakayojaribu kuziba pengo lake.

Mgonjwa aliyeahidiwa wiki 7 hupanga kazi, deni na ada za watoto kwa ahadi hiyo. Wiki ya 8 ikifika kidonda kikiwa wazi, huona dawa imeshindwa, naye huacha kuja. Takwimu mbovu huzaa watoro wapya, na watoro huzaa takwimu mbovu zaidi. Mzunguko huo tunaweza kuukata sisi tunaoandika na kuhariri, na kazi hiyo tunaianza katika toleo hili.

Mhariri