Kabla hujakata tiketi ya Kigali

Mdogo wangu, nia yako ya kuja kujitolea kwenye kituo cha watoto ni njema, ila chunguza kwanza. Mwaka 2012 Rwanda ilihesabu vituo 33 vya kulelea watoto, vyenye watoto na vijana 3,323, ikaamua kuwarudisha kwenye familia. Mpango wenyewe unaitwa Tubarerere Mu Muryango, yaani tuwalee katika familia. Jirani yangu hapa Kimironko, Kigali, ni Malayika Murinzi, mama mlezi. Binti aliyempokea kutoka kituoni alikuwa akimkumbatia kila mgeni mlangoni, kisha anamuuliza, "Unaondoka lini?" Alishazoea wageni wa kujitolea wa miezi miwili miwili. Iliniuma sana. Kwa hiyo usiende kituoni; kama umesomea ustawi wa jamii, omba kufanya mafunzo kwa vitendo pamoja na wahudumu wanaozitembelea familia hizi za walezi. Na ujifunze Kinyarwanda mapema, tafadhali.