Mkazo wa schistosomiasis unaanzia mkiani

Pale Wawi, Chake Chake, Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri ipo tangu mwaka 2000, na kichocho ni mojawapo ya maradhi inayoyachunguza. Watoto wa Pemba wanaujua ugonjwa huo kwa kupimwa mkojo na kumeza dawa shuleni. Ki-CHO-cho: silabi tatu, mkazo katikati. Wakifika sekondari, ambako Biolojia husomeshwa kwa Kiingereza, ugonjwa uleule unaitwa schistosomiasis, na mtoto aliyekuwa akiueleza vizuri anakwama mbele ya ubao.

Kiswahili kinamtuma aweke mkazo silabi ya pili kutoka mwisho: schis-to-so-mi-A-sis. Wenzake wakimcheka wanamwonea, maana amekosea hatua moja tu. Mkazo unakaa silabi ya tatu kutoka mwisho, schis-to-so-MI-a-sis, na MI hiyo hutamkwa “mai”.

Neno lenyewe limeungwa kwa vipande vya Kigiriki: schistos, kilichopasuka, soma, mwili, na -iasis, mkia wa majina ya maradhi. Mnyoo dume wa kichocho ana mfereji kwenye mwili, utadhani amepasuliwa kwa wembe, na humo ndimo anamombeba jike. Mtoto akiuona mchoro wa mnyoo huyo, neno limeshamwingia nusu. Kinachobaki ni ulimi, kwa sababu ulimi haukati pale maana inapokata: m ya soma inaliacha neno lake na kuhamia silabi inayofuata. Hapo mwalimu asimame, wapige makofi silabi kwa silabi.

Mkazo unaohama si mgeni kwa Mpemba. Hakuna aliyemfundisha kusema SO-ma, so-ME-sha, so-me-SHA-na. Anahesabu kutoka mwisho bila hata kujijua. Maneno haya ya Kigiriki ndani ya Kiingereza nayo hutazama mkia. PA-ra-site ni kimelea, ila sifa yake ni pa-ra-SI-tic na elimu yake ni pa-ra-si-TO-lo-gy. Mkia -ic huuweka mkazo pa Kiswahili hasa, silabi ya pili kutoka mwisho. -Logy na -iasis huusogeza nyuma hatua moja.

Kanuni hiyo haimalizi hata kipindi kimoja. Mwalimu wa Biolojia asingoje mwenzake wa Kiingereza aje kuifundisha: aandike mkia kwa chaki ya rangi, darasa lihesabu kurudi nyuma. Siku ya matende, wataisoma elephantiasis wenyewe: e-le-phan-TI-a-sis.