Ujira wa Mvuvi na Siku 60 za Sheria

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi ujira wake siku waliyokubaliana, mahali pa kazi na ndani ya saa za kazi, nayo haimtofautishi karani wa kiwanda cha minofu ya sangara jijini Mwanza na kijana anayevuta nyavu za dagaa usiku katika maji ya Ukerewe. Hata hivyo, kwa huyu wa pili haki hiyo iko mbali, na kikwazo kikubwa si uhaba wa vifungu bali ni muda aliowekewa wa kudai.

Katika kambi nyingi za uvuvi, mtumbwi, injini, nyavu na taa ni mali ya tajiri, yaani mmiliki wa chombo, ilhali wavuvi huleta nguvu zao na kulipwa mgawo wa mauzo baada ya kuondolewa gharama za mafuta na chakula. Tajiri anayedaiwa anaweza kujitetea kwamba mgawo huo unawafanya wavuvi kuwa wabia wake. Utetezi huo ni dhaifu, kwa kuwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, vyovyote mkataba wake ulivyo, ikiwa ipo hata dalili moja kati ya zilizotajwa humo, kama vile kupewa vitendea kazi au kumtegemea kiuchumi yule anayemfanyia kazi. Kukosa mkataba wa maandishi nako hakumwangushi mvuvi, maana wajibu wa kuuandaa ni wa mwajiri, na akishindwa kuuonesha shaurini, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa. Wala nyavu zikipotea ziwani tajiri hana ruhusa ya kufuta malipo yote: makato ya hasara huhitaji maelewano ya maandishi, na hayawezi kuvuka robo ya ujira.

Tatizo huanza pale mvuvi anapotaka kuitumia sheria hiyo. Mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoanza kwa kuwapatanisha wahusika ndani ya siku 30 na, wasipoelewana, kutoa uamuzi unaotekelezwa kama hukumu ya mahakama. Lakini kanuni za mwaka 2007 zinataka madai ya ujira yafikishwe huko ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na anayechelewa hulazimika kwanza kuomba aongezewe muda kwa sababu za msingi. Dagaa huvuliwa zaidi wakati wa giza, na mbalamwezi ikiwaka kazi husimama, kwa hiyo mvuvi aliyeahidiwa kulipwa giza lijalo, kisha lile linalofuata, anaumaliza muda wake wote kwa kungoja tu, pengine akiwa tayari amehamia kisiwa kingine kufuata samaki. Tajiri huyohuyo akimkopesha mchuuzi dagaa wake, Sheria ya Ukomo inampa miaka 6 kufungua dai la kawaida la mkataba. Hakuna hoja ya haki inayoweza kutetea tofauti hiyo, kwa sababu mwenye uwezo mdogo wa kungoja ndiye aliyepewa muda mfupi zaidi.

Muda wa kudai ujira uliokwisha kufanyiwa kazi unapaswa kurefushwa usipungue mwaka mmoja, na maofisa kazi, ambao sheria inawapa uwezo wa kuingia mahali pa kazi na kumwamuru mwajiri atekeleze wajibu wake, wafike visiwani na mialoni bila kungoja malalamiko yawafuate mjini. Hadi hapo, mvuvi asiyelipwa aandike tarehe na mauzo ya kila giza, ahifadhi ujumbe wa simu unaotaja deni lake, na awasilishe dai kwenye Tume kabla ya siku ya 60, hata kama tajiri bado anaahidi, kwani dai lililokwisha kusajiliwa haliwazuii wawili hao kupatana.